Uzi: Alifungwa nyumbani na mtani wake, halafu akabeba kombe. Mtoano wa futiboli ya vyuo Marekani una maana gani?

#1 Zamu_ya_Usiku

Wakuu, habari za jioni. Niko Columbus, Ohio, huu mwaka wa kumi na moja. Napakia mizigo ghalani, zamu ya usiku, na mji huu usipojifunza futiboli ya vyuo utakula chakula chako peke yako. (Humu nikisema futiboli namaanisha ile ya mpira wenye umbo la yai na makofia magumu. Wa kwetu nitauita soka, tusije tukagombana bure.)

Nina dukuduku la tangu Novemba 30 mwaka jana, 2024, nalitua leo.

Wiki ya Ohio State kucheza na mtani wao Michigan, hapa herufi M ni haramu. Pale chuoni Ohio State wanazunguka na utepe mwekundu wakiweka alama ya X juu ya kila M wanayoiona: majina ya majengo, vibao vya njia, popote. Ghalani kwetu msimamizi alibandika wake kwenye mlango wa choo cha wanaume, neno MEN likabaki na herufi mbili. Mgeni wa siku ile alizunguka akitafuta choo mpaka tukamhurumia.

Basi Michigan wakaja na rekodi ya kushinda 6 na kufungwa 5. Ohio State walikuwa wa pili nchi nzima. Uwanjani watu zaidi ya laki moja. Zikiwa zimebaki sekunde 45, Michigan wakapiga mkwaju wa pointi tatu: 13-10. Kipigo cha nne mfululizo kutoka kwa hao hao. Wachezaji wao wakataka kuchomeka bendera katikati ya uwanja wetu, ngumi zikaruka, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Usiku ule msimamizi alikuja kazini na jezi ile ile ya mchana, akakaa juu ya folklifti dakika kumi nzima hajaiwasha. Hakuna aliyethubutu kumwambia kitu. Redio nzima ya mji ilikuwa kocha Ryan Day afukuzwe kesho asubuhi.

Siku 51 baadaye, Januari 20, timu hiyo hiyo na kocha huyo huyo wakawafunga Notre Dame 34-23 kule Atlanta, wakawa mabingwa wa taifa. Msimamizi yule yule akaleta keki.

Sasa swali langu. Ohio State msimu ule walifungwa na Oregon Oktoba (32-31), wakafungwa na Michigan Novemba, hata fainali ya konferensi yao ya Big Ten (kundi la vyuo wanalocheza nalo) hawakufika. Wakaingia kwenye mtoano wa timu 12 wakiwa nambari 8. Mimi kombe nililishangilia, sisemi uongo, nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini moyoni naona halikutakiwa kuja hapa. Msimamo wangu ni huu: mtoano uwepo, ila waingie mabingwa wa konferensi peke yao. Kama hukuwa bingwa wa mtaa wako, unaendaje kugombea ubingwa wa taifa?

Naweka jamvi.

#2 Mchokozi_Mstaafu

Mleta uzi, andika hayo kwa Kiingereza uyabandike kwenye ule mlango wa choo tuone kama kesho utapewa zamu.

#3 Binti_Pangani

Mimi niko Tanga, haya mambo nayaona kwenye simu ya kaka yangu tu. Naomba mnifafanulie kabla hamjaanza kutukanana. Kwa nini wasicheze ligi kama binadamu wengine? Nyumbani na ugenini, mwenye pointi nyingi abebe kombe, watu wakalale.

#4 Mzee_wa_Kumbukumbu

Binti yangu Pangani, swali lako ndilo la msingi. Mimi niko Salt Lake City, Utah, tangu miaka ya tisini, na nitakujibu kwa kirefu kwa sababu jambo hili lina kovu kwangu.

Daraja la juu la futiboli ya vyuo msimu uliopita, wa 2024, lilikuwa na timu 134. Nyumbani na ugenini maana yake kila timu icheze mechi 266. Mchezo wenyewe ni wa kugongana kama mafahali, mwili unataka wiki nzima kupona. Kwa hiyo kila timu inacheza mechi 12 tu, nyingi ndani ya konferensi yake, yaani umoja wa vyuo kadhaa vinavyocheza pamoja. Ukimaliza hizo 12 hujakutana na zaidi ya timu 120. Utasemaje nani bora?

Wenzetu walijibu hivi: tupige kura. Tangu 1936 waandishi wa habari wa shirika la AP wanapanga timu kwa kura. Tangu 1950 na makocha wana kura yao. Aliyeongoza ndiye bingwa. Hakuna fainali. Mwisho wa msimu kuna zile mechi za sherehe za mwaka mpya wanaziita bowl, kwa sababu viwanja vilijengwa kama bakuli, nami nitaziita mechi za bakuli. Ya kwanza ilichezwa Pasadena, California, 1902, kunogesha tamasha la maua na kuvuta watalii. Michigan wakawachapa Stanford 49-0, waandaaji wakaona aibu, miaka iliyofuata wakaleta mbio za magari ya farasi badala yake. Futiboli ilirudi 1916. Sasa elewa: mechi hizo ziliundwa kwa ajili ya mahoteli na matembezi ya sherehe, wala hazikuwa na habari na bingwa.

Matokeo yake? 1984 BYU, wa hapa hapa Utah, hawakufungwa hata mechi moja, mechi yao ya bakuli wakakutana na Michigan aliyekuwa na vipigo vitano, wakashinda 24-17, wakapewa ubingwa. Nusu ya nchi mpaka leo inacheka. 1990 waandishi wakasema Colorado, makocha wakasema Georgia Tech. 1991 Miami na Washington. 1997 Michigan na Nebraska. Mabingwa wawili, kila mmoja ana kombe lake kabatini, na hawajawahi kukutana uwanjani kuulizana.

Ikaja BCS, 1998 mpaka 2013: kura zikachanganywa na kompyuta, timu mbili za juu zicheze fainali. Ikasaidia kidogo na kuharibu mengi. Msimu wa 2003 USC walikuwa wa kwanza kwa waandishi na kwa makocha, kompyuta zikawatoa. Fainali wakacheza LSU na Oklahoma, na Oklahoma walikuwa wametoka kufungwa 35-7 kwenye fainali ya konferensi yao! Mwisho AP wakawapa USC ubingwa wao, LSU wakachukua wa makocha. Mwaka uliofuata Auburn wakashinda mechi zote 13 wakaachwa nje.

Halafu msimu wa 2008. Hapa naomba mninyamazie. Utah, timu ya mji wangu, mechi 12 bila kufungwa. Hawakutoka kwenye konferensi kubwa, kwa hiyo hakuna aliyewafikiria. Wakapelekwa Sugar Bowl kule New Orleans kucheza na Alabama, ile Alabama ya kocha Nick Saban iliyokaa juu ya kura wiki tano msimu ule. Watu wakatuonea huruma kabla ya mechi. Robo ya kwanza inaisha ni 21-0. Mchezo umeisha 31-17. Mimi nilikuwa kwa rafiki yangu tumekaa watu tisa sebuleni kwenye kapeti, na mwanangu mdogo ananiuliza, "Baba, kwa hiyo sisi ndio wa kwanza?" Nikamwambia ngoja kura. Kura zikasema wa pili. Timu pekee nchini isiyofungwa, wa pili! Ningemwelezaje mtoto wa miaka saba kwamba umewafunga wote uliopewa na bado haitoshi?

Obama alikuwa ametoka tu kuchaguliwa, naye alisema hadharani kwamba anataka mtoano wa timu nane. Seneta wetu Orrin Hatch aliitisha kikao cha Seneti Julai 2009 kuwahoji watu wa BCS. Kumbe ubingwa wa futiboli ulikuwa jambo la Katiba.

Kwa hiyo mtu akiniambia mtoano unaharibu utamu, namwangalia tu.

#5 Binti_Pangani

Shikamoo mzee. Nimeelewa, na nimemwonea huruma huyo mtoto.

#6 Mzee_wa_Kumbukumbu

Marahaba. Huyo mtoto sasa ana ndevu.

#7 Nyika_Kumi

Mimi ni Mkenya, nimetokea upande wa Nandi, nilikuja Marekani kwa skolashipu ya kukimbia. Sisi wa mbio za nyika hatuna maneno mengi: kilomita kumi, anayefika kwanza kafika, saa haina konferensi.

Nilikuwa Florida 2023. Wacha niwape ile ya Florida State kwa sababu mzee ameishia kwa BCS mkadhani dhambi ziliisha hapo. Mtoano wa timu nne ulianza msimu wa 2014, na jopo la watu 13 ndilo linachagua. Sio kura ya waandishi tena, sio kompyuta, ni watu 13 ndani ya hoteli. Florida State msimu wa 2023: mechi 13, ushindi 13, mabingwa wa konferensi yao ya ACC. Novemba kwotabeki wao (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) Jordan Travis akavunjika mguu. Bado wakashinda zilizobaki, fainali ya konferensi wakawafunga Louisville 16-6 na kwotabeki wa tatu, kijana wa mwaka wa kwanza. Desemba 3 jopo likatoa majina: Michigan, Washington, Texas, Alabama. Alabama ana kipigo kimoja. Florida State hana. Sababu? Eti bila kwotabeki wao si timu ile ile.

Yaani ni kama mimi nimemaliza wa kwanza halafu mwamuzi aniambie, kijana, umechechemea mita mia za mwisho, medali tunampa wa pili kwa sababu anaonekana ana afya. Siku ile kwenye chumba cha mazoezi kuna jamaa wa futiboli, pande la mtu kilo mia na arobaini, alikuwa amekaa chini anafunga na kufungua kamba ya kiatu. Sikumwambia kitu. Ningemwambia nini?

Na usinitajie ile 63-3 waliyochapwa na Georgia baadaye kwenye Orange Bowl. Wachezaji wao wengi walikuwa wamejiondoa tayari. Ukiambiwa mechi haina maana utaichezaje?

Kwa hivyo mimi ni wa timu 12, hata 16. Ukiongeza nafasi unapunguza kazi ya lile jopo.

#8 Zamu_ya_Usiku

Nyika, lakini huoni kwamba umenipa nguvu mimi? Kwa sheria yangu Florida State anaingia bila kuuliza mtu. Bingwa wa konferensi, kwisha. Tena jopo lenyewe tunalivunja, wakafanye kazi nyingine.

#9 Mswahili_wa_Indiana

Zamu, na Indiana je?

Mimi nakaa Bloomington. Mnaojua, mnajua: chuo hiki watu huja kwa mpira wa kikapu. Futiboli ilikuwa jambo la kwenda kuota jua nje ya uwanja, nyama choma kwenye maegesho, halafu unarudi nyumbani mapumziko. Kabla ya 2024 hawakuwahi kushinda mechi 10 kwa msimu mmoja. Tangu waanze kucheza karne ya kumi na tisa! Akaja kocha Curt Cignetti, mwaka wake wa kwanza tu wakashinda 11 kati ya 12. Kipigo chenyewe kilikuwa kwenu Columbus, 38-15, na fainali ya Big Ten hawakuingia. Kwa sheria yako hawa warudi nyumbani wakale ugali.

Kwa sheria iliyopo ya timu 12 walipata mechi ya Desemba 20 kule South Bend kwa Notre Dame, mechi ya kwanza kabisa ya mtoano kuchezwa kwenye uwanja wa chuo. Nilienda. Nilivaa suruali mbili, soksi tatu, na kanga ya mke wangu shingoni ndani ya koti, na bado nilikuwa sihisi vidole. Mzee mmoja wa Kizungu pembeni yangu, umri wa babu yangu, aliniambia amekuwa na tiketi ya msimu ya Indiana miaka arobaini na hakuwahi kufikiria ataona siku ile. Tulifungwa 27-17, na pointi 14 kati ya hizo za kwetu zilikuja dakika ya mwisho na nusu wakati watu wameshaanza kutoka. Yule mzee hakutoka. Alikaa mpaka taa.

Wachambuzi wakasema Indiana hawakustahili. Sawa. Lakini mnataka kuniambia mechi ile ingefaa kuchezwa na nani, Jacksonville State, bingwa wa konferensi ndogo?

#10 Mzee_wa_Kumbukumbu

Mswahili wa Indiana amegusa jipu. Zamu, hebu tuhesabu sheria yako kwa msimu wa 2024. Konferensi tisa zilikuwa na bingwa (Pac-12 ilikuwa imekimbiwa na kubaki na vyuo viwili, Oregon State na Washington State). Mabingwa: Oregon, Georgia, Clemson, Arizona State, Boise State, Army, Marshall, Jacksonville State, na wa tisa, shikilia kiti, ni Ohio.

Sio Ohio State. Ohio, kile chuo cha Athens, mabingwa wa konferensi ya MAC. Kwa sheria yako kaka, mkoa wako ungewakilishwa, ila si na wale unaowabandikia utepe.

#11 Mchokozi_Mstaafu

Hahahaha msimamizi keki angepeleka wapi.

#12 Mzee_wa_Kumbukumbu

Naendelea. Notre Dame hawana konferensi ya futiboli kabisa, kwa hiyo kwako hawaingii milele hata washinde mechi zote. Na angalia nusu fainali za mwaka huo: Ohio State na Texas, Notre Dame na Penn State. Bingwa wa konferensi hata mmoja hayumo! Wale mabingwa wanne waliopewa kupumzika raundi ya kwanza wote walitolewa mechi yao ya kwanza. Oregon walichapwa 41-21 na hao hao Ohio State ambao Oregon waliwafunga Oktoba. Robo ya pili ilikuwa tayari 34-0. Georgia wakatolewa na Notre Dame, Boise State na Penn State, Arizona State wakapambana mpaka muda wa nyongeza mara mbili na Texas, 39-31.

Uwanja umesema. Ungewazuia mlangoni, ungekuwa na kombe la watu wa pili.

#13 Zamu_ya_Usiku

Mzee wangu, hesabu nimezipokea, na ile ya Ohio ya Athens imenichoma. Lakini hiyo ya nusu fainali wewe unaiona ni ushahidi wako, mimi naiona ni ushahidi wangu.

Ikiwa timu nne za mwisho zote hazikuchukua konferensi zao, basi Septemba mpaka Novemba watu walikuwa wanacheza nini? Oregon walishinda mechi 13 bila kufungwa hata moja. Walishamfunga Ohio State. Zawadi yao ikawa kutakiwa wamfunge tena, Januari mosi, baada ya kukaa bila mechi karibu wiki nne huku mwenzao ametoka kupasha mwili kwa Tennessee 42-17. Umeniambia Utah walishinda zote na haikutosha, mtoto akauliza. Kuna mtoto yuko Eugene, Oregon, naye kauliza swali lile lile mwaka huu. Baba yake kamjibu nini?

Soka ina ligi na ina kombe, na kila mtu anajua hiki ni kipi. Arsenal akibeba FA haendi kusema yeye ndiye bingwa wa Uingereza. Hawa wamechukua kombe wakaliita ligi. Hapo ndipo shingo yangu inapokwama.

#14 Nyika_Kumi

Hiyo ya Arsenal imeingia. Lakini ligi yenyewe haiwezekani, mzee ameshasema mechi 266. Kwa hivyo tunabaki na kombe tu. Tulipende.

#15 Mama_wa_Namba_54

Wapendwa, nawasoma tangu jana nikiwa kwenye basi. Mnaongea kama wanaume wanavyoongea, mmetaja pointi zote na hamjataja magoti.

Mwanangu wa pili anacheza chuo kidogo hapa Ohio, daraja la tatu, Division III. Huko skolashipu ya michezo hakuna, tunalipa ada kama kawaida, anacheza kwa sababu anapenda. Namba 54, yuko safu ya mbele, yaani kila mchezo unapoanza kichwa chake kinagonga cha mwenzake. Jumapili asubuhi nikimpigia simu najua kwa sauti tu kama amelala upande mmoja. Nina mifuko ya barafu kwenye friza kuliko nyama.

Miaka mingi wakuu wa vyuo vikubwa walikuwa wanasema mtoano hauwezekani kwa sababu vijana wana mitihani Desemba. Nilicheka. Daraja la tatu wana mtoano tangu 1973. La pili tangu 1973. Lile linaloitwa FCS, chini kidogo tu ya hao wakubwa, tangu 1978. Hao wote watoto wao wanafanya mitihani. Mwanangu alishafanya mtihani wa takwimu ndani ya basi la timu, profesa akasimamia kwa simu. Kwa hiyo ya mitihani ilikuwa danganya toto, ukweli ni kwamba wenye mechi za bakuli hawakutaka kuachia fedha.

Na sasa wamezikuta fedha kwingine. Mkataba mpya wa runinga ya ESPN kwa mtoano huu ni kama dola bilioni 1.3 kwa mwaka, kuanzia msimu wa 2026. Ohio State na Notre Dame kila mmoja alicheza mechi 16. Ligi ya kulipwa, NFL, wanacheza 17 kabla ya mtoano wao, na wale ni watu wazima wenye mikataba na chama cha wafanyakazi. Mtoto wa miaka 19 anacheza 16. Hawa walikuwa hawaruhusiwi hata kuuza jina lao mpaka Julai 2021, na ni Juni 2025 tu mahakama iliridhia vyuo vianze kuwagawia moja kwa moja, mpaka dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza.

Mkiongeza timu zikawa 16, mtu atacheza 17. Mnaotaka hivyo njooni Jumapili mshike barafu.

Mimi sipingi mtoano. Napinga mtoano juu ya mechi 12 juu ya fainali ya konferensi. Ondoeni kitu kimoja ndipo muongeze kingine. Nyumba ya vyumba viwili hainunui kochi la tatu.

#16 Mswahili_wa_Indiana

Mama heshima yako. Hapo sina jibu.

Ila nitajibu kidogo: waondoe fainali za konferensi. Msimu uliopita Penn State walifungwa fainali ya Big Ten na Oregon 45-37, Texas wakafungwa ya SEC na Georgia 22-19 kwa muda wa nyongeza, na wote walioshindwa wakaenda mbali kuliko walioshinda. Georgia ushindi ule uliwagharimu kwotabeki wao, Carson Beck, aliumia kiwiko. Kushinda kulikuwa hasara. Mechi ambayo mshindi anatoka na bandeji na mshindwa anasonga mbele ina faida gani zaidi ya kuuza tiketi?

#17 Nyika_Kumi

Mama na mimi nina langu kuhusu hizo fedha. Hao wa futiboli ndio walionilipia ada. Mbio za nyika haziuzi tiketi hata moja, watu wanaosimama kwenye majani kutuangalia ni wazazi na mbwa. Sasa vyuo vikianza kuwagawia wachezaji wa futiboli mamilioni, mkasi utakuja kwetu, na vijana wa kwetu Nandi wanaosubiri hizi skolashipu wako wengi. Kwa hivyo kila wakiongeza mechi ya runinga mimi napiga hesabu yangu kimya. Nisameheni, najua magoti si yangu.

#18 Mama_wa_Namba_54

Umesema ukweli mwanangu, na si kosa lako. Kimbia.

#19 Binti_Pangani

Naomba kuuliza tena. Nimesoma mahali kwamba konferensi mbili zinataka zipewe nafasi nne nne za uhakika kabla hata msimu haujaanza. Nimesoma vibaya?

#20 Mzee_wa_Kumbukumbu

Hujasoma vibaya. Big Ten na SEC. Pendekezo la timu 16, nne za Big Ten, nne za SEC, mbili mbili za ACC na Big 12, moja kwa mabingwa wa konferensi ndogo wote kwa pamoja, na zilizobaki za kugombania. Mpaka sasa, Juni 2025, halijapita. Kilichopita Mei 2025 ni kwamba msimu wa 2025 zile nafasi nne za kupumzika zitakwenda kwa timu nne zilizopangwa juu, ziwe bingwa au zisiwe. Mabingwa watano bora msimu huo bado wamehakikishiwa kuingia.

Na hapa, Zamu, nakusogelea nusu hatua. Mtoano nilioutaka 2008 ulikuwa wa kumfungulia mlango mtu kama Utah. Huu wa nne nne ni wa kuhesabu viti vya wakubwa mapema ili mdogo asipate pa kukaa. Utah wenyewe siku hizi wako Big 12, nasi tumekuwa watu wa katikati, lakini sijasahau.

#21 Zamu_ya_Usiku

Basi tukutane katikati mzee. Mabingwa wote wa konferensi waingie kwanza, halafu nafasi chache kwa wengine, ila asiye bingwa asicheze nyumbani kwake hata mechi moja. Ohio State wa mwaka jana angeanzia ugenini kwenye theluji. Akishinda kutoka huko, namvulia kofia. Na fainali za konferensi zife, kwa ajili ya Mama.

#22 Mchokozi_Mstaafu

Jopo la watu 13 mtalipeleka wapi? Wana familia.

#23 Zamu_ya_Usiku

Nirudi kwa jambo moja kabla sijaingia kazini. Jana usiku nilimuuliza yule msimamizi, wakati wa chai: ungechagua kipi, kumfunga Michigan tarehe 30 Novemba ukatolewa raundi ya kwanza, au hivi ilivyokuwa, ufungwe na mtani halafu ubebe kombe?

Nilidhani atajibu haraka. Akaweka kikombe chini. Akasema kombe, bila shaka kombe. Akanyanyua kikombe, akakiweka tena. Akaniuliza mwaka huu tunacheza nao wapi. Nikamwambia Novemba 29, kwao Ann Arbor. Akasema, "Basi niulize tena siku hiyo," akaondoka na folklifti.

Kwenye mlango wa choo utepe bado upo. Umepauka, kona moja imeshaanza kuachia, na hakuna mtu anayeugusa.